Uso wa Kwenye Bango

Juni 28

Tumefika, na mvua imefika kabla yetu. Njia ya kupanda kutoka kijijini ni tope tupu. Mwalimu Ham, na miaka yake sabini na miwili, alitangulia na ngoma mgongoni, mimi nikihema nyuma yake na mfuko wa mchele. "Pumzi hizo ndizo utakazoimbia?" akaniuliza bila kugeuka.

Sheria ni zilezile za kila mwaka. Simu zinatiwa ndani ya mtungi wa mchele, zinatolewa Jumapili kwa saa moja. Kila siku mwanafunzi anaandika shajara ya sauti: amerudia kifungu mara ngapi, koo likoje, basi. "Sitaki kusoma mambo ya mapenzi humo," amesema. Daftari ni langu. Nitaandika nipendavyo, kisha nitamwekea hesabu yake chini.

Haya basi. Mimi ni Pyo Geum-ju, miaka ishirini na mmoja, mwimbaji wa pansori: mtu mmoja, kipepeo cha kujipungia upepo mkononi, ngoma moja pembeni, na kisa cha kale cha saa tatu ambacho unakiimba na kukisimulia mpaka ama wewe uishiwe ama wasikilizaji. Katika rika langu jimbo zima hakuna mwenye sauti kubwa kama yangu. Sisemi hivyo kwa kujisifu. Haya, kidogo kwa kujisifu.

Taya langu ni la mraba. Shuleni waliniita Sanduku. Nimelirithi kwa Mama, ambaye lake analifunika kwa nywele kiangazi na baridi.

Masika yaliyopita Bwana Tak, mkuu wa kikundi kimoja kipya cha Seoul kinachoimba nyimbo zetu kwa magitaa na mataa, alinisikiliza mpaka mwisho, akapiga makofi, akamwambia Mama kwa adabu zote: "Sauti tumeichukua. Taya ndilo litakalotusumbua kwenye kamera." Wiki hiyohiyo Mama akanipeleka kliniki ya upasuaji wa urembo, Gangnam. Wakanipiga picha, kompyuta ikanipunguza pembe, nikaonyeshwa uso wangu wa baadaye, mwembamba, kidevu kimechongoka. Nisiseme uongo, moyo uliruka. Nilimtazama yule msichana nikamwonea wivu.

Siku imeshapangwa: Agosti 28, saa nne asubuhi. Watakata mfupa pande zote mbili. Januari nikiwa nimepona naingia kikundini. Mimi sijasema ndiyo wala hapana. Nimesema tu, "Niacheni nipande mlimani kwanza, nikishuka tutazungumza," na Mama amechukulia kuwa ni ndiyo.

Marudio: 0, tumefika leo. Sauti: nzima.

Juni 30

Mvua. Marudio: 60. Sauti: nzima.

Julai 2

Amekuja Dada Hae-rim, mwanafunzi mwenzangu wa Mwalimu. Mwaka juzi na mwaka jana hakupanda, alikuwa "na shughuli." Sasa tunajua shughuli yenyewe. Uso umekuwa kama yai, hauna pembe popote. Ananizidi miaka mitano, na zamani alikuwa na mashavu kama mikate ya mvuke na sauti iliyowaliza wazee wa kijiji hiki.

Amekuja na kioo. Cha mkononi, cha mviringo, chenye mpini wa bluu. Kila akishuka kwenye maporomoko ya maji kufanya mazoezi anakishika. Mimi nashika maharage yangu, mia moja ndani ya bakuli: kila nikimaliza kifungu nahamisha moja kwenye bakuli la pili. Yeye anashika kioo. Anaimba huku anajitazama. Jamani!

Chakula cha mchana alikuwa na punje ya wali kwenye mdomo wa chini. Ilikaa pale tangu mwanzo wa chakula mpaka mwisho, anaongea nayo, anacheka nayo. Nikasema moyoni, malkia huyu anangoja mtu wa kumpangusa.

Marudio: 80. Sauti: inakwaruza kidogo.

Julai 3

Mvua. Paa linavuja juu ya godoro langu, si la Mwalimu. Marudio: 90.

Julai 9

Chakula tunaletewa au tunakifuata kijijini. Wanakijiji wanatulisha kiangazi chote, na mwisho tunawaimbia chini ya banda la mto. Ndiyo desturi tangu enzi za mwalimu wa Mwalimu Ham. Mkuu wa jiko ni Bibi Gurye, ambaye jina lake hasa hakuna anayelitumia. Aliolewa hapa kutoka Gurye miaka sitini iliyopita, basi ni Bibi Gurye mpaka kaburini.

Leo nimemkuta peke yake akimenya vitunguu saumu, nikashindwa kujizuia. "Bibi, unamwonaje Bi Kioo wetu?"

"Nani huyo?"

"Dada Hae-rim. Maporomoko yanaanguka, mawe yanatetemeka, yeye anajitazama."

Bibi Gurye akanitazama kwa zile nyusi zake. Lazima niziseme nyusi hizo. Masika yalipoanza alikuja fundi wa kuchanja nyusi kwa wino kwenye ukumbi wa kijiji, na wanawake wote kumi na mmoja wakachanjwa siku moja, kwa mkono mmoja. Sasa wote wana nyusi zilezile, nyeusi, zimepinda kwa mshangao. Ukiingia ukumbini unadhani umewaletea habari mbaya.

"Geum-ju," akasema, "menya vitunguu."

Marudio: 110. Sauti: imekwaruza.

Julai 13

Jumapili. Mama amenitumia tena ile picha ya kliniki. Ameituma hata kwa shangazi zangu. Wote wameandika "mrembo!" Hakuna hata mmoja aliyeuliza ni nani. Niliitazama mpaka saa ya simu ikaisha.

Julai 14

Mvua. Mvua. Mvua. Marudio: 120.

Julai 20

Siku ya kwanza ya joto kali. Kama desturi ya siku hii, tumekunywa supu ya kuku mzima na mzizi wa ginseng, kila mtu kuku wake. Sauti imekwenda kabisa, nikiongea inatoka hewa. Mwalimu amefurahi. "Imevunjika? Vizuri. Iliyovunjika ndiyo inayoungwa."

Dada Hae-rim alikula kidogo sana, polepole, ameinamia bakuli. Mchuzi ulimdondoka kidevuni. Bibi Gurye alimfuta kwa kidole gumba kama anavyofutwa mtoto. Nilicheka. Nilikuwa peke yangu.

Julai 24

Leo nitaandika yote, hata yanayonivunjia heshima.

Nilisahau bakuli langu la maharage maporomokoni, nikarudi baada ya chakula wakati ambao Dada Hae-rim huwa peke yake. Mto umefura kwa mvua, kelele zake zinameza kila kitu, kwa hiyo hakunisikia. Alikuwa amekaa chini ya mwamba akirudia mstari mmoja, uleule, pale kwenye kisa binti anapomwita mama yake aliyekufa. Anaimba, anasimama. Anaimba, anasimama. Kioo kilikuwa mkononi, nikajisemea leo nimekushika, dada yangu.

Nikasogea. Kioo hakikuwa mbele ya macho. Alikuwa amekiweka karibu kabisa na mdomo, hata uso wake wote usingeweza kuonekana humo. Na kidevuni kulikuwa na damu. Mstari mwembamba, mpaka shingoni, na kola ya fulana imelowa.

"Dada, unatoka damu."

Akashtuka. "Wapi?"

Akajipapasa shavu la kulia. Damu ilikuwa kushoto.

"Wapi? Nionyeshe."

Nikachukua mkono wake nikauweka. Alijing'ata mdomo wa chini akiimba, na alikuwa hajui. Sijui alikuwa ameimba na jeraha lile kwa muda gani.

"Husikii?"

"Kuanzia hapa mpaka hapa," akachora kwa kidole kutoka pembe ya mdomo hadi kwenye kidevu, "ni kama nyama ya mtu mwingine. Walipokata mfupa mshipa wa fahamu uliguswa. Daktari alisema miezi mitatu. Halafu sita. Halafu akasema tuvute subira. Wenzangu wengi zimewarudia hisia zao. Zangu zimegoma."

"Na kioo?"

"Alinipa Mwalimu. Midomo yangu siisikii, basi naiangalia. Nikiiona imefunga, najua imefunga. Usipofunga, neno linamwagika."

Nilitamani ardhi ipasuke. Punje ya wali. Mchuzi. Nikamwambia, kwa sababu nisingelala: "Mimi nilikuita Bi Kioo."

"Najua. Bibi Gurye aliniambia siku ileile." Akacheka, akaziba mdomo kwa leso. "Alisema, 'yule wa taya kakupa jina, ila usimjali, vitunguu vyangu kamenya vizuri.'"

Nikamuuliza kama anajuta.

"Nikiwa mjini sijuti. Watu wananiangalia vizuri, na napenda, kwa nini nikudanganye? Kazi ya dukani nilipata siku niliyoomba. Usinionee huruma, Geum-ju, nitakutupa mtoni. Nikianza kuimba tu ndipo najuta." Akakipangusa kioo. "Sikwambii ukatwe wala usikatwe. Nakwambia kosa langu. Daktari nilimuuliza kovu litaonekana? Nitavimba siku ngapi? Kuhusu kuimba sikuuliza hata neno moja. Niliona haya. Nilidhani ataniona mshamba, dada wa ngoma za wazee."

Kisha akageukia maji akaendelea. Nilikaa nikamhesabia kwa maharage yangu, akiimba nahamisha. Mara mia mbili na kumi na mbili. Katika zote mstari ulimwagika mara sita tu.

Mimi nilikuwa najiona mwimbaji.

Marudio yangu: 0. Sauti: siijui.

Julai 25

Nimemwomba radhi Bibi Gurye pia. Akanipa vitunguu.

Julai 27

Jumapili. Wiki nzima nilikuwa nimeiandaa hasira yangu, nimeipanga vizuri. Nikampigia Mama.

"Mama, ulimuuliza daktari kuhusu kuimba?"

"Daktari mzuri yule, ana vyeti ukuta mzima."

"Sikuulizi vyeti. Ulimuuliza?"

Nikasikia anafunga mlango wa jikoni ili Baba asisikie.

"Geum-ju, mwanangu. Taya hili nimeishi nalo miaka hamsini na tatu. Siku niliyopelekwa kwa kina baba yako, bibi yako alinitazama mbele ya watu akasema, 'Mwanamke wa taya pana ana nyota ngumu, atamla mumewe bahati.' Mbele ya watu. Baba yako akafilisika duka mara ya kwanza, wakanitazama taya. Mara ya pili, wakanitazama taya. Toka siku hizo nafunika. Saluni wanajua, hawaniulizi. Sasa nimepata njia mtoto wangu asifunike, wewe unaniuliza maswali."

Hasira yangu ilikosa pa kutua. Miaka yote nimedhani Mama ananionea aibu mimi. Nikamwambia aje kutusikiliza kwenye onyesho letu la Agosti 17. Akasema atakuja, na Bwana Tak atakuja naye.

Marudio: 130. Sauti: imeanza kurudi, nzito, siitambui.

Julai 30

Nimemuuliza Mwalimu moja kwa moja: "Wewe unasemaje?"

"Niseme nini? Taya lako, koo lako. Mimi mwenyewe nina nyusi za kuchanja." Kweli, anazo. Za fundi yuleyule. "Usidhani wazee wa fani hawakujali sura. Waliposema mwimbaji anahitaji mambo manne, sura waliiweka ya kwanza, kabla ya sauti! Ila walisema sura hupewa. Ukishapewa umepewa, tusonge mbele kwenye la pili. Siku hizi watu wanagota hapohapo kwenye la kwanza."

"Kwa hiyo nisikatwe?"

"Nimekwambia, taya lako. Nenda kaimbe, unaniharibia usingizi wa mchana."

Marudio: 150.

Agosti 2

Mvua imekatika. Nyenje wameanza kupiga kelele mitini, na godoro langu limekauka. Marudio: 150.

Agosti 5

Andika, Geum-ju, siku hii usiisahau!

Mwalimu hukaa ng'ambo ya maporomoko, juu ya jiwe bapa. Akikusikia kupitia kelele za maji anainua mkono. Miaka mitatu nimeutazama mkono ule ukiwa umelala gotini. Leo, kwenye marudio ya tisini na kitu, sauti ilitoka mahali ambapo haijawahi kutoka. Nilishika pembe za taya langu kwa vidole, zilikuwa zinatetemeka kama mfuniko wa sufuria inayochemka. Mfupa mzima ulikuwa unaimba.

Mkono wa Mwalimu ukainuka.

Dada Hae-rim alipiga mbinja kwa vidole viwili. "Sanduku!" akapiga kelele. Mara ya kwanza katika maisha yangu nimelipenda jina hilo.

Marudio: 170. Sauti: ipo. Ipo, ipo.

Agosti 12

Leo nimecheka nikakaribia kulia.

Mwenyekiti wa kijiji, Bwana Ok, ni mtu wa mabango. Mtoto wa mtu akifaulu mtihani, bango. Barabara ikizibwa viraka, bango. Sasa ametutengenezea la onyesho letu, la mita tano, limefungwa darajani: "KARIBUNI MSIKILIZE SAUTI YA MLIMA: KO HAE-RIM NA PYO GEUM-JU," na nyuso zetu mbili kubwa kama milango. Kwa kuwa simu zetu zimo mtungini, picha aliziomba kwa wazazi.

Mama akamtumia ile ya kliniki.

Nilishuka na Dada Hae-rim tukawakuta wanawake wa kijiji wamesimama chini ya bango, nyusi za wote kumi na mmoja juu.

"Hawa mapacha ni wa nani?" anauliza mmoja.

"Huyu wa kulia ni Hae-rim. Wa kushoto simjui."

"Labda wamemleta wa Seoul. Na Geum-ju wetu amewekwa wapi?"

"Bwana Ok kamsahau! Ee Bwana Ok! Mtoto amekula kwetu kiangazi chote, unamwacha nje ya bango?"

Bwana Ok akajitetea, jasho linamtoka: "Si huyo hapo! Jina limeandikwa! Picha katuma mama yake!"

Wakanigeukia. Wakalitazama bango. Wakanitazama mimi.

"Ni mimi," nikasema. "Ni mimi wa Septemba. Watanikata taya."

Hakuna aliyecheka. Bibi Gurye akalisogelea bango mpaka pua ikakaribia kuligusa.

"Wa Septemba mimi simjui," akasema. "Ninayemlisha ni wa Agosti. Mwambie huyo wako akija asikae mezani kwangu mpaka ajitambulishe." Kisha akaongeza, akiondoka na kikapu chake cha pilipili: "Usiache mbachao kwa msala upitao."

Nilibaki chini ya daraja na Dada Hae-rim. Kweli tulifanana kwenye bango, hata mimi ningekosea. Yeye akanishika mkono. Nilijaribu kumwonea wivu yule wa kushoto kama nilivyomwonea masika. Wivu haukuja. Nilimwona tu kama mgeni ambaye hajala.

Marudio: 100. Sauti: nzima.

Agosti 15

Jua kali. Marudio: 140. Siku mbili zimebaki.

Agosti 17

Nimerudi kutoka kijijini sasa hivi, na nitaandika.

Banda la mto lilijaa. Wamekuja hata wa vijiji jirani, wameliona bango. Mama alikaa safu ya tatu pembeni ya Bwana Tak, nywele zimeshuka pande zote mbili kama mapazia. Dada Hae-rim alitangulia. Aliimba kifungu kimoja tu, kile cha binti na mama, bila kioo. Alimwambia Mwalimu, "Leo nitazame wewe," na Mwalimu akapiga ngoma huku hamwachi macho midomoni, akifumba na kufumbua yake pamoja naye. Mstari haukumwagika. Wazee walilia kama zamani.

Kisha mimi. Nikapanda na kipepeo changu, nikainama. Minong'ono ikaanza nyuma, kwa wale wa vijiji jirani.

"Huyu siye."

"Yule mrembo yuko wapi? Mimi nimekuja kwa ajili ya yule."

"Labda anakuja baadaye."

Nilimwona Mama ameinamisha kichwa. Nilijua anafikiri nini: wamemtazama taya tena, mbele ya watu, na safari hii ni la mtoto wake. Damu ilinipanda. Mwalimu akapiga ngoma ya kuanzia, mara ya kwanza, sikuanza. Mara ya pili, sikuanza.

Sisi hatuimbi tu, tunasimulia pia, na katika kusimulia mwimbaji ana ruhusa ya kutia maneno yake. Ni haki yetu tangu kale. Basi nikafungua kipepeo, pwaa!

"Wapendwa wakubwa zangu! Nasikia mnamuulizia yule mrembo wa darajani. Ametuma salamu. Amesema jua kali, na kidevu chake chembamba, akifungua mdomo sana kitapotea. Kwa hiyo amenituma mimi, Sanduku, niwashikie nafasi. Ndani ya sanduku kuna vitu. Nifungue?"

Bibi Gurye kutoka safu ya mbele, kwa sauti iliyozoea kuita mbuzi: "Fungua, mwanangu!"

Banda zima likaangua kicheko, ngoma ikalia, nikafungua.

Siwezi kuandika nilivyoimba. Najua tu kwamba kufikia dhoruba ya baharini ndani ya kisa nilikuwa nimefungua mdomo mpaka masikio yanauma, na ile sauti ya maporomokoni ilikuja yenyewe sikuiita, nikaisikia inagonga mfupa kushoto na kulia kabla ya kutoka. Wazee walikuwa wanaitikia kwenye kila pumziko, "Hewala!" "Vyema!" "Haya, sema!" Na kwenye mstari wa juu kabisa, pale ambapo hakuna pumziko, pale ambapo hata mlevi anajua anyamaze, mtu mmoja akapiga kelele:

"Huyo ni wangu!"

Mama. Amesimama. Mama yangu ambaye hajawahi kupaza sauti hata sokoni. Mwalimu, badala ya kukasirika, akaupa ukelele ule pigo moja la ngoma, kana kwamba ulikuwa umepangwa. Nikaendelea. Nililia, na nikaendelea.

Baadaye Bwana Tak alinijia, leso shingoni. "Umenitoa jasho, binti. Kweli kabisa. Lakini kamera haina masikio. Ile tarehe 28 bado ipo?"

"Nafasi naitaka, Bwana Tak," nikasema. "Naitaka sana. Naitaka kwa taya hili."

"Siamui peke yangu."

"Basi waambie wenzako ulichosikia."

Akainama kwa heshima, mimi pia nikainama, akaondoka. Nililitazama gari lake mpaka likavuka daraja. Mama alikuwa nyuma yangu.

"Nilipiga kelele pabaya?" akauliza.

"Pabaya kabisa, Mama."

"Ilitoka yenyewe."

Marudio: 1. Sauti: imekwisha, na sijali.

Agosti 18

Mama alilala ukumbini kwa wanawake. Asubuhi nimemkuta uani anachambua pilipili, kwa joto amefunga nywele zote nyuma kwa mpira uliotolewa kwenye fungu la mboga. Sijawahi kuliona taya la Mama mchana, peupe namna hii. Ni zuri. Ni pana kuliko langu.

Alikuwa amepiga simu kliniki mwenyewe. "Nimewaambia mtoto hana nafasi. Wakaniuliza, lini atapata? Nikasema hana tu."

Agosti 21

Tangu onyesho liishe tumerudishiwa simu. Ujumbe wa Bwana Tak. Wamemchukua msichana mwingine. Nimelia mpaka nikatapika. Naandika ili nisije nikajidanganya baadaye kwamba sikujali.

Agosti 22

Mvua ndogo. Marudio: 40. Dada Hae-rim anahamisha maharage, mimi nikiimba. Kisha tunabadilishana: mimi ndiye kioo.

Agosti 28

Saa nne asubuhi nilikuwa uani kwa Bibi Gurye nikigeuza pilipili. Mwaka huu zimezaa sana, mikeka yote imejaa. Bibi akaniita nimshike pembe ya kitu alichokuwa anakikunjua. Kizito, cha plastiki. Bango. Bwana Ok alikuwa amelishusha jana, na mabango hapa hayatupwi, yanafunika kuni au yanaanikiwa.

"Upande wa picha uwe juu au chini?" nikauliza.

"Juu. Huku chini kuna gundi." Akalinyoosha kwa mguu, akamtazama yule wa kushoto. "Maskini, kiangazi chote hata kijiko hakula."

Tukamwaga vikapu vinne vya pilipili juu ya bango. Mama alikuja kwa basi kunichukua, lakini badala ya kunihimiza twende alichuchumaa akaanza kuzisambaza kwa kiganja, kutoka kwenye paji la uso kushuka chini, polepole, mpaka pilipili zikafika kwenye kile kidevu chembamba na kukipita pande zote mbili.

"Panahitaji upana zaidi," Bibi Gurye akasema. "Zikibanana zinaoza."

Tumeleta mkeka mwingine.

Marudio: 120, uani, mbele ya kuku. Sauti: nzima. Taya: lipo.